Gesi ya Shimoni na Gesi ya Ziwa Kivu

Tulipokuwa wanafunzi katika chuo cha maofisa, ambacho hatuna haja ya kukitaja jina, asubuhi moja ya kiangazi kibarua mmoja aliteremka katika shimo la zamani la choo lililokuwa nyuma ya jiko. Ndoo yake ilikuwa imekatika kamba, naye akaona ni kazi ndogo kuifuata kwa ngazi. Hakufika chini. Wenzake walimwona akilegea mikono, kisha akaanguka kama gunia, bila hata kupiga kelele. Mwenzetu mmoja aliyekuwa karibu, kijana hodari wa mbio, alivua shati tayari kumfuata. Sajini wetu wa mazoezi akamshika mkanda kwa nyuma, akamwangusha chini na kumkalia. Sote tulimwona sajini yule kuwa mtu katili. Kibarua alitolewa kwa ndoana na kamba baada ya robo saa, naye alikuwa amekwisha kufa. Jioni ile mganga wa kambi alitueleza kwamba lau mwenzetu angalishuka, tungalizika watu wawili, na lau mwingine angalimfuata huyo wa pili, watatu.

Wasomaji wa ukurasa huu ni askari wa jeshi na wa polisi, watu ambao ndio huitwa kwanza mtu anapotumbukia shimoni. Hivyo tumeona vema tueleze ni nini hasa kilichomo humo gizani, kinatengenezwa na nani, na kwa nini kitu kile kile kiuacho watu chooni kinawasha taa katika nchi jirani ya Rwanda.

FOLENI YA MESI

Kila kilichokuwa hai kikifa, kiwe jani, samaki au makombo ya posho, huliwa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Nao wakila hawana budi kupumua, na kila kundi lina kitu chake linachokitegemea katika kupumua huko. Mfano wa mesi utatusaidia. Wenye cheo hula kwanza: hao ni bakteria watumiao oksijeni, kwa sababu oksijeni ndiyo itoayo nguvu nyingi kuliko vyote. Maadamu oksijeni ipo, wengine hawapati nafasi mezani. Ikimalizika, nayo humalizika upesi katika matope au katika shimo lililojaa, huingia wale watumiao naitreti, ambao huigeuza kuwa nitrojeni na kuirudisha hewani. Baada yao huja watumiao kutu ya chuma. Ndiyo maana udongo wa chini ya kinamasi huwa wa kijivu hata pale ambapo udongo wa kilimani ni mwekundu. Kisha huja watumiao salfeti, ambao huacha nyuma yao ile harufu ya mayai yaliyooza.

Mwisho kabisa, sahani zikiwa tupu, hufika watengenezaji wa methani. Chakula chao ni kile walichokiacha wengine: haidrojeni, hewa ya ukaa, na asidi ya siki. Kutokana na mabaki hayo hujipatia nguvu kidogo mno, na takataka yao ndiyo gesi ya methani, yaani chembe moja ya kaboni iliyoshikana na chembe nne za haidrojeni. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ile harufu tuisikiayo chooni ni ya wale waliotangulia katika foleni.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwahesabu viumbe hawa kuwa bakteria. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, walionyesha kwamba hawa ni ukoo wa pekee, ulio mbali na bakteria, na leo ukoo huo huitwa arkea. Oksijeni kwao ni sumu. Hivyo makao yao ni mahali ambapo sisi hatuwezi kuvuta pumzi hata moja: matope ya kinamasi, tumbo la ng'ombe, shimo la choo, sakafu ya ziwa lenye kina kirefu.

Jambo moja lishikwe vizuri, maana tutalirudia. Methani inapopanda juu huchukua kaboni na haidrojeni tu. Fosforasi yote, pamoja na nitrojeni iliyosalia katika umbo la amonia, hubaki chini. Hivyo viwili ndivyo mbolea.

MAFUNJO NA NG'OMBE

Hapa kwetu Uganda hatuhitaji kusafiri mbali ili kuiona gesi hii. Atembeaye kwenye mafunjo ya Ziwa Kyoga akachoma fimbo katika matope ataona mapovu yakipanda. Mtaliano Alessandro Volta alifanya hivyo hivyo mwaka 1776 katika Ziwa Maggiore, akayakusanya mapovu katika chupa na kuonyesha kwamba yanawaka. Kinamasi cha Nakivubo, ambacho kwa miaka mingi kimepokea maji machafu ya Kampala kabla hayajaingia katika Ziwa Victoria, ni kiwanda kikubwa cha viumbe hawa: mizizi ya mafunjo hunyonya sehemu ya nitrojeni na fosforasi, bakteria huirudisha nitrojeni nyingine hewani, na watengenezaji wa methani humalizia kazi matopeni. Mwenye kujaza udongo mahali kama hapo apate kiwanja cha kujenga huwa amekifukuza kikosi kizima kilichokuwa kikifanya kazi bila mshahara.

Mashamba ya mpunga ya Kibimba na Doho hufuata kanuni ile ile, kwa sababu shamba lililofunikwa na maji ni kinamasi cha muda. Ama ng'ombe, yeye hubeba kinamasi tumboni. Ng'ombe mmoja hutoa lita mia kadhaa za methani kwa siku, na tumesikia kambini mizaha mingi kuhusu njia itokeayo. Ukweli ni kwamba karibu yote hutokea mdomoni, mnyama anapocheua na kubeua.

Duniani kote methani iingiayo hewani inakadiriwa kuwa tani milioni 600 hivi kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake hutokana na kazi za binadamu. Gesi hii haidumu sana hewani, ni miaka kumi na kitu tu, lakini kwa uzito ule ule hushika joto mara 28 hivi kuliko hewa ya ukaa katika muda wa miaka 100. Mwaka 2019 wataalamu waliotumia vipimo vya setilaiti walitangaza kwamba mabwawa ya Sudd, katika Sudan ya Kusini, yalionekana kuongeza methani yake kati ya mwaka 2011 na 2015, na kwamba ongezeko hilo lilikwenda pamoja na kupanda kwa maji ya maziwa na mito yaletayo Nile huko. Maji yapitayo Jinja ndiyo yanayolowesha matope yale.

ZIWA LISILOCHANGANYIKA

Sasa tuvuke mpaka. Ziwa Kivu, ambalo Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanagawana, lipo mita 1,460 hivi juu ya bahari, na kina chake hufika mita 485. Zamani sana maji yake yalitiririka kuelekea kaskazini, kwenye Ziwa Edward na Nile. Ilikuwa ni maji ya upande wetu. Volkeno za Virunga zikainuka na kuziba njia, ziwa likajaa, na leo maji yake hutoka kusini kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika.

Atazamaye ziwa hilo kutoka Gisenyi au Goma huona maji mazuri, yenye visiwa na upepo. Asichokiona ni kwamba chini yake mna maziwa mengine, moja juu ya jingine. Chemchemi za moto, zitokazo katika miamba ya volkeno, huingiza chini maji yenye chumvi na hewa ya ukaa, ambayo ni mazito, nayo hukaa pale pale. Upepo wa kiangazi, kati ya Juni na Agosti, huweza kukoroga tabaka la juu tu, kiasi cha mita 60 au 70. Chini ya hapo hapana oksijeni, na hapana samaki. Kila kifacho juu, mwani na vijidudu vya majini, huzama na kuingia katika foleni ile tuliyoieleza. Kaboni, nitrojeni na fosforasi hushuka kama mvua ya vumbi, wala hazipandi ila polepole mno.

Mwaka 1935 mtaalamu wa Kibelgiji, Hubert Damas, alichunguza maji hayo ya chini, na tangu wakati huo imejulikana kwamba yamejaa gesi. Hesabu za leo zinasema kwamba zimeyeyuka humo kilomita za ujazo 60 hivi za methani, na 300 hivi za hewa ya ukaa. Hewa ya ukaa hutoka kwa sehemu kubwa katika volkeno. Methani ni kazi ya arkea: baadhi yao huila hewa hiyo ya volkeno pamoja na haidrojeni, na wengine huyala mabaki ya mwani sakafuni. Ziwa Kivu, kwa maneno ya kambini, ni shimo la choo la maelfu ya miaka ambalo halijapata kufunguliwa.

Lakini kuna ajabu nyingine. Pamoja na gesi yote hiyo, methani itokayo juu ya ziwa na kuingia hewani ni kidogo sana. Sababu ni kwamba pale oksijeni inapoishia kuna bakteria wengine, ambao chakula chao ni methani. Wanasimama mpakani kama walinzi, na karibu kila chembe inayojaribu kupanda huliwa kabla haijafika juu. Kikosi kimoja hutengeneza, kingine hula, na mvuvi aliye juu hajui kitu. Usiku huyaona mataa yake tu, na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, akivua sambaza, dagaa walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950.

MAZUKU

Watu wa Goma wana neno ambalo wataalamu wa dunia nzima wamelichukua jinsi lilivyo: mazuku. Ni hewa mbaya ikaayo katika mabonde madogo na mashimo ya miamba ya volkeno kaskazini mwa ziwa. Hiyo si methani; ni hewa ya ukaa itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Mtu mzima aliyesimama huweza kupita salama, na mbuzi au mtoto aliye karibu naye akaanguka. Askari alalaye chini katika bonde kama hilo, akidhani amepata maficho mema, amejichagulia kaburi. Mwaka 1994, wakimbizi walipojaa katika sehemu hizo, baadhi yao walikufa kwa hewa hiyo baada ya kupiga kambi mahali palipoonekana kuwa patulivu.

Mtu anayeyajua mazuku lazima aulize swali hili: je, yale yaliyomo ziwani yakitoka yote kwa mara moja? Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos nchini Kamerun, ambalo ni dogo sana likilinganishwa na Kivu, lilitoa hewa ya ukaa kwa ghafla usiku. Watu 1,700 hivi walikufa katika vijiji vya mabondeni, pamoja na maelfu ya mifugo. Miaka miwili kabla yake, Ziwa Monoun katika nchi hiyo hiyo lilikuwa limeua watu 37. Kandokando ya Kivu wanakaa watu zaidi ya milioni mbili.

Tusitishane, lakini pia tusidanganyane. Gesi hutulia katika maji kwa sababu ya uzito wa maji yaliyo juu yake, kama vile soda itulivyo chupa ikiwa imefungwa. Ili Kivu lilipuke, msukumo wa gesi lazima uushinde uzito huo wa maji. Vipimo vinaonyesha kwamba hata katika tabaka lililo karibu zaidi na hatari, msukumo umefikia kiasi cha nusu tu. Mnamo 2005 ilitangazwa kwamba methani imeongezeka kwa asilimia 15 hivi katika miaka 30, jambo lililowatia watu wasiwasi. Vipimo vipya vya mwaka 2018 havikuonyesha ongezeko lenye maana. Mwezi Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ililipuka, na mto wa moto ukapita katikati ya Goma hadi ukaingia ziwani. Matabaka ya chini hayakutikisika. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno hiyo ililipuka tena, ardhi ikatetemeka kwa siku kadhaa, na mamia ya maelfu ya watu wakaamriwa kuhama Goma kwa kuhofia, pamoja na mengine, gesi ya ziwa. Ziwa lilitulia. Kwa maoni yetu amri ile haikuwa ya woga. Ofisa asiyejua moto uko umbali gani chini ya miguu ya watu hawezi kungoja apate uhakika.

UMEME WA KILINDINI

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wanyarwanda waliinama mapema. Tangu mwaka 1963 mtambo mdogo wa Cap Rubona ulitoa methani ziwani na kukipelekea kiwanda cha bia cha Gisenyi. Namna yake ni rahisi kueleza. Bomba hushushwa hadi maji yenye gesi, na pampu huyavuta kidogo. Maji yakipanda, uzito hupungua, gesi hutoka katika mapovu kama soda iliyofunguliwa, na mapovu huyafanya maji kuwa mepesi hata yakapanda yenyewe, pasipo pampu. Juu hutenganishwa: hewa ya ukaa husafishwa kwa maji, kwa kuwa yenyewe huyeyuka kwa urahisi zaidi, na methani hubaki.

Mtambo mkubwa wa kwanza, KivuWatt, ulioko Karongi, ulizinduliwa mwaka 2016. Boti lake kubwa limetiwa nanga ziwani, huvuta maji kutoka mita 350 hivi, na mashine zilizo nchi kavu hutoa megawati 26. Baadaye Shema Power ilijenga mtambo mwingine upande wa Rubavu, uliopangwa kutoa megawati 56. Kila gesi itolewayo ni umeme, na pia ni baruti iliyopunguzwa ghalani.

Hata hivyo, shida kubwa ya kazi hii si kuipata gesi, bali ni maji yanayobaki. Hapa ndipo tunapolirudia lile tuliloomba lishikwe. Maji hayo, methani ikiisha kutoka, bado yamejaa amonia na fosfati za maelfu ya miaka. Yakimwagwa juu ya ziwa, mwani utastawi kama majani ya mvua za kwanza, kisha utakufa na kuoza. Bakteria wa oksijeni watakula na kupumua mpaka oksijeni iishe. Na samaki watakosa hewa. Aidha, maji mazito yakiwekwa mahali pa maji mepesi, matabaka yanayoizuia gesi yanaweza kuvurugika. Kwa hiyo masharti yaliyowekwa yanataka maji hayo yarudishwe kilindini. Mtu asiyejua angesema ni gharama ya bure. Sisi twasema kwamba mwenye kuiba ghalani akauacha mlango wazi amefanya makosa mawili.

Kile kinachoharibu ziwa, shambani ni neema. Magereza ya Rwanda yameonyesha hivyo. Kuanzia gereza la Cyangugu mwaka 2001, mafundi wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, walijenga chini ya ardhi matangi ya matofali yanayopokea vinyesi vya wafungwa. Arkea hufanya kazi yao mle ndani, methani hupelekwa jikoni kwa bomba, na kuni za kupikia zikapungua kwa nusu hivi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden huko Uingereza mwaka 2005. Uji utokao upande wa pili wa tangi, ambao nitrojeni na fosforasi yake zimebaki, huenda katika bustani za gereza. Kila kambi yenye watu mia tano ina malighafi hiyo, nayo huizika na kununua kuni. Jambo hili tumelisema katika mikutano zaidi ya mmoja. Hatuoni aibu kulisema tena hapa.

SHIMONI

Turudi kwa kibarua wetu. Methani ni nyepesi na hupanda, ila katika shimo lililofunikwa hujikusanya chini ya kifuniko, na ikichanganyika na hewa kwa asilimia kati ya 5 na 15 hulipuka kwa cheche moja. Kwa hiyo hapana sigara, kiberiti wala mshumaa, hata kwa nia ya kupima hewa. Hewa ya ukaa, pamoja na ile gesi ya mayai yaliyooza, ni nzito na hukaa chini, mahali ambapo mwokozi huinamia. Nayo hii ya mayai ina hila: ikiwa nyingi huua kwanza uwezo wa pua kunusa, hata mtu akasema harufu imekwisha, naye ndiye anayekwisha.

Kinyago cha gesi cha kijeshi hakifai kitu humo. Kinyago huchuja sumu iliyomo hewani. Hakiwezi kuleta oksijeni mahali ambapo haipo. Wako askari hodari wanaoamini kinyume chake. Atakayeshuka lazima awe na chupa ya hewa mgongoni na kamba mwilini, na ncha ya kamba ishikwe na watu wawili walio juu. Kama chupa hakuna, basi hakuna kushuka: fungueni kifuniko, pulizeni hewa safi ndani kwa chochote mlicho nacho, tumieni ndoana na kamba, waiteni zimamoto, na mwenye cheo aliyepo awashike mikanda vijana wenye moyo mwepesi.